Klabu Iliyokataa Mshahara

Jumanne ya tarehe 9 Julai 1867, saa mbili na nusu usiku, vijana kadhaa walikutana katika nyumba namba 3 ya Eglinton Terrace, upande wa kusini wa jiji la Glasgow, Uskoti. Naandika usiku kwa hesabu yetu. Huko kaskazini mwezi Julai, saa hizo jua bado halijatua. Walikuja kuunda klabu ya mpira wa miguu, na kilichowapa maneno mengi ni jina. Baadhi yao walikuwa wa kuja, watu wa kaskazini walioingia mjini kutafuta riziki, na mapendekezo yao yalinukia kwao: mmoja alitaka Celts, mwingine Northern, mwingine Morayshire. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kuunda timu ya mtaa anakijua kikao hicho. Mwishowe ikapigwa kura, na jina la bustani ya jirani likashinda kwa kura moja. Klabu ikaitwa Queen's Park. Mungo Ritchie akachaguliwa kuwa rais, na William Klinger akawa katibu.

Hiyo ndiyo klabu kongwe kuliko zote za Uskoti. Kwa miaka 152 ilishika sharti moja ambalo klabu nyingine zote za daraja lake ziliona halishikiki: mchezaji halipwi. Kaulimbiu yake ya Kilatini, Ludere causa ludendi, maana yake ni kucheza kwa ajili ya kucheza. Sisi wa Kiswahili tuna neno moja linalobeba jambo hilo, ridhaa, na nalipenda kwa sababu halisemi habari ya fedha kabisa. Linasema habari ya moyo wa mtu: amekubali mwenyewe, hakusukumwa. Historia ya Queen's Park ni historia ya neno hilo, namna lilivyoijenga klabu, namna lilivyoigharimu, na namna wanachama walivyofika siku ya kuliweka chini.

Mwaka wa kwanza hapakuwa na wa kucheza naye. Vijana waligawana wenyewe kwa wenyewe kwenye uwanja wa wazi wa umma kando ya bustani, leo huyu yuko upande huu, kesho yuko ule. Walikuwa na sheria za mchezo kutoka London, wakazirekebisha kwa kadiri walivyoona inafaa. Mechi ya kwanza dhidi ya timu nyingine ilikuja tarehe 1 Agosti 1868, mpinzani akiwa Thistle, pia wa Glasgow. Katibu wa wakati huo, Robert Gardner, aliandika barua ya kukubali mwaliko na kupanga masharti: wachezaji 20 kila upande, muda wa saa mbili, maana hali ya hewa ya siku zile haikuruhusu zaidi, na wageni wafanye hisani waje na mpira wao, wa kwetu usije ukaharibika. Aliyecheza chandimu hahitaji kufafanuliwa ombi hilo. Mpira mmoja ukipasuka, kila mtu anarudi kwao. Queen's Park ilishinda kwa mabao mawili bila jibu.

Nadhani ule mwaka wa kucheza wao kwa wao ndio uliozaa kila kilichofuata. Mpira wa Kiingereza wa wakati ule ulikuwa wa mtu na nguvu zake. Mchezaji aliuchukua mpira, akainamisha kichwa, akakimbia nao kuelekea lango akipiga chenga, na wenzake wakamfuata nyuma kama kundi, wakingoja aupoteze ili mwingine auokote. Kumpa mwenzio mpira kabla hujapokonywa kulikuwa karibu sawa na kushindwa. Vijana wa Glasgow walikutana wale wale, jioni baada ya jioni, mpaka kila mmoja akajua mwenzake anapenda kukimbilia wapi. Wakaanza kupasiana. Walicheza wawili wawili, mmoja akivuta beki, mwingine akipokea nafasi iliyoachwa wazi. Leo mtoto wa miaka sita anafundishwa pasi kabla hajafundishwa kupiga shuti, na ni vigumu kuamini kwamba palikuwa na wakati ambapo pasi ilikuwa jambo la kubuniwa. Ilibuniwa, na hawa ni miongoni mwa waliotangulia kuibuni, na ndio walioifanya kuwa mfumo wa timu nzima.

London walianza kuisikia klabu hii mwaka 1871, Kombe la FA lilipoanzishwa. Queen's Park ilitoa mchango wa gini moja kununua kombe lenyewe, fedha nyingi kwa klabu iliyoishi kwa ada za wanachama, kisha ikajiandikisha kushiriki, moja kati ya klabu 15 za msimu ule. Kwa sababu ya umbali na kwa jinsi ratiba ilivyoangukia, ilifika nusu fainali bila kucheza mechi. Machi 1872 wanachama na wapenzi wa mpira wa Glasgow walichangishana nauli, timu ikapanda treni hadi London, ikacheza na Wanderers kwenye uwanja wa Kennington Oval, ikatoka sare ya bila kufungana. Mechi ilitakiwa irudiwe. Fedha za kukaa London siku nyingine hazikuwepo. Wakafunga mizigo, wakarudi nyumbani bila kufungwa hata bao moja, na Wanderers wakaenda fainali, wakalichukua lile kombe ambalo gini ya Glasgow ilikuwa ndani yake.

Miezi minane baadaye, Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 1872, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, Uskoti ilicheza na Uingereza kwenye uwanja wa kriketi wa Hamilton Crescent, mtaa wa Partick, Glasgow. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya kimataifa ya mpira wa miguu inayotambuliwa rasmi duniani. Chama cha taifa cha Uskoti hakikuwepo bado. Queen's Park ndiyo iliyopokea wageni, ikaandaa uwanja, ikauza tiketi kwa shilingi moja, na ikatoa wachezaji wote 11. Gardner, yule yule wa barua ya mpira usije ukaharibika, alikuwa nahodha na mlinda mlango. Wakavaa jezi za bluu iliyokolea, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rangi ya klabu, na bluu ile ndiyo Uskoti inayoivaa hadi leo. Watazamaji wapatao 4,000 waliona mambo mawili yakigongana: Waingereza, wazito kwa miili, wakikokota mpira mmoja mmoja, na Waskoti wepesi wakipasiana. Matokeo yalikuwa 0 kwa 0. Sijui sare nyingine iliyozaa watoto wengi kama ile.

Mambo yakaenda kasi. Machi 1873, kwa mwito wa Queen's Park, klabu za Uskoti zilikutana katika hoteli moja ya Glasgow na kuunda chama cha mpira wa miguu cha nchi, na katibu wake wa kwanza, Archibald Rae, akatoka Queen's Park. Chama kikaanzisha Kombe la Uskoti. Klabu ikahitaji uwanja wa kuzungushia uzio, ikapanga kipande cha ardhi kwa manispaa kwa pauni 20 kwa mwaka, ikakipa jina la safu ya nyumba zilizokitazama, Hampden. Mechi ya kwanza pale, Oktoba 1873, Dumbreck walikula mabao saba. Msimu huo huo jezi zikabadilika kuwa za mistari myembamba ya kulala, nyeusi na nyeupe, na watu wakaanza kuwaita Buibui. Jina limewaganda mpaka leo. Kombe la kwanza la Uskoti, mwaka 1874, Buibui walilichukua. La pili na la tatu vilevile. Hadi mwaka 1893 walikuwa wamelitwaa mara 10, na Charles Campbell peke yake alikuwamo katika timu iliyolibeba mara 8. Mpaka leo ni Celtic na Rangers tu walioipita Queen's Park kwa hesabu ya kombe hilo.

Katika kikosi cha miaka ile alikuwamo mtu ambaye kila anayesimulia historia ya mpira barani Afrika anapaswa kumjua kwa jina. Andrew Watson alizaliwa mwaka 1856 Demerara, katika nchi ambayo leo ni Guyana. Baba yake, Peter Miller Watson, alikuwa Mskoti wa ukoo uliotajirika kwa mashamba ya miwa na kwa jasho la watumwa. Mama yake, Hannah Rose, alikuwa mwanamke mweusi wa huko huko. Mtoto aliletwa Uingereza, akasomeshwa katika shule za watu wenye uwezo, akaachiwa urithi, na mwaka 1875 akaingia Chuo Kikuu cha Glasgow. Masomo aliyaacha baada ya mwaka mmoja. Mpira hakuuacha. Alichezea klabu ndogo za mji, Maxwell kisha Parkgrove, na mwaka 1880 akajiunga na Queen's Park akiwa beki.

Tarehe 12 Machi 1881 Uskoti ilikwenda Kennington Oval kucheza na Uingereza, na nahodha alikuwa Watson. Uskoti ilishinda 6 kwa 1. Zaidi ya miaka 140 imepita, na Uingereza haijawahi kufungwa nyumbani kwa tofauti kubwa kuliko ile. Siku mbili baadaye alicheza dhidi ya Wales, ushindi wa 5 kwa 1, na mwaka uliofuata dhidi ya Uingereza tena, 5 kwa 1. Mechi tatu za taifa, mabao 16 ya kufunga na matatu ya kufungwa. Kisha akahamia London, na kwa kuwa Uskoti siku zile ilichagua wanaoishi nchini tu, hakuitwa tena. Aliporudi Glasgow alitwaa tena Kombe la Uskoti mwaka 1886, juu ya yale ya 1881 na 1882. Klabuni hakuwa mchezaji tu: aliwahi kushika nafasi ya katibu, kiti kile kile cha Klinger na Gardner, yaani wenzake walimkabidhi barua zao, ratiba zao na heshima ya jina lao.

Alifariki London mwaka 1921, akazikwa Richmond, na jina lake likafunikwa na vumbi. Kwa miongo mingi vitabu vilimtaja mtu mwingine kuwa mwanasoka wa kwanza mweusi wa ngazi ya juu. Picha za timu zilikuwepo wakati wote huo, Watson yumo wazi kabisa katikati ya wenzake mwenye jezi ya mistari, na hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Kaburi lake lilikuja kukarabatiwa mwaka 2021, miaka 100 baada ya kifo chake. Nikiombwa nitaje jambo moja ambalo Queen's Park inastahili kujivunia kuliko makombe yote, nitataja kwamba mwaka 1881, katika mji ambao utajiri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na sukari na tumbaku za watumwa, klabu hii ilimpa mtoto wa Hannah Rose kalamu ya katibu.

Ridhaa ilianza kuuma mwaka 1884. Mwaka huo na uliofuata Queen's Park ilifika fainali ya Kombe la FA, na mara zote mbili ikafungwa na Blackburn Rovers, 2 kwa 1 kisha 2 kwa 0. Blackburn, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa na Waskoti kikosini mwake. Mmoja wao, Fergus Suter, alikuwa mwashi wa mawe kutoka Glasgow, na kila mtu alijua kwamba hakuhamia kusini kufuata mawe. Malipo yalikuwa bado ni haramu, kwa hiyo yalipita chini ya meza. Julai 1885 Waingereza waliyahalalisha, na mafuriko yakaanza: wachezaji wa Uskoti, waliojifunza pasi katika shule iliyoanzishwa na Queen's Park, wakavuka mpaka kwa mamia kwenda kulipwa kwa kuifundisha. Waingereza wenyewe waliwaita maprofesa.

Hapa lazima mtu aseme kweli, hata katika maandishi ya kumbukumbu. Wachezaji wa Queen's Park kwa sehemu kubwa walikuwa makarani, wafanyabiashara na watu wa taaluma. Jumamosi yao mchana ilikuwa huru, na bao la Jumamosi halikuamua kama watoto wao watakula Jumapili. Suter alikuwa mwashi. Siku asiyochonga jiwe halipwi, na mguu ukivunjika uwanjani hakuna wa kumchongea. Ridhaa ni tamu kwa anayeweza kuimudu. Simlaumu Suter hata kidogo, na naamini wale waliomzomea kwa kula fedha ya mpira hawakuwa na haki.

Lakini viongozi wa Queen's Park hawakukataa fedha kwa sababu ya kiburi peke yake. Mwaka 1890 klabu za Uskoti zilipounda ligi, Queen's Park ilialikwa ikakataa. Hoja yao ilikuwa kwamba ligi ya ratiba ya kudumu itadai mapato ya kudumu, mapato yatadai wachezaji wa kulipwa, na wenye mapato madogo watakufa. Ilitimia. Malipo yalihalalishwa Uskoti mwaka 1893, mwaka ule ule Queen's Park ilipotwaa Kombe la Uskoti kwa mara ya mwisho kwa kuifunga Celtic 2 kwa 1. Vale of Leven, klabu iliyowahi kutwaa kombe hilo mara tatu mfululizo, ilifutika katika mpira mkubwa. Renton vivyo hivyo. Third Lanark, majirani wa Queen's Park, walidumu mpaka 1967 wakafilisika, wakaacha uwanja wao wa Cathkin. Uwanja huo ulikuwa Hampden ya pili, ambayo Queen's Park iliihamia mwaka 1884 baada ya njia ya reli kuifukuza katika ile ya kwanza. Ngazi za kusimamia watazamaji bado zipo pale, miti imeota katikati yake.

Queen's Park iliingia ligi mwaka 1900, kwa kuwa nje ya ligi hapakuwa tena na wa kucheza naye, na duara likawa limerudi lilikoanzia mwaka 1867. Iliingia na sharti lake mkononi. Katika ligi ya watu wa mshahara, wao peke yao wakawa wa ridhaa, na wakabaki hivyo karne nzima na zaidi.

Mtu atauliza, mapato ya milangoni yalikwenda wapi ikiwa wachezaji hawakulipwa? Yalikwenda kwenye udongo na zege. Klabu ilinunua ekari 12 na nusu katika mtaa wa Mount Florida na kujenga Hampden ya tatu, iliyofunguliwa tarehe 31 Oktoba 1903 kwa ushindi wa 1 kwa 0 dhidi ya Celtic. Mpaka Wabrazil walipofungua Maracanã mwaka 1950, hapakuwa na uwanja wa mpira mkubwa kuliko huo duniani, na mwenye hati alikuwa klabu ya watu wasiolipwa. Tarehe 17 Aprili 1937 waliingia watu 149,415 kuangalia Uskoti na Uingereza, hesabu ambayo Ulaya haijaifikia tena katika mechi ya kimataifa. Mwaka 1960 Real Madrid waliifunga Eintracht Frankfurt 7 kwa 3 pale katika fainali ya Kombe la Ulaya. Mwaka 2002 Zidane alipiga pale ile shuti ya hewani dhidi ya Bayer Leverkusen ambayo watoto wa dunia nzima waliijaribu mitaani wiki nzima.

Na Queen's Park wenyewe? Siku yao kubwa ilikuwa Januari 1930, watu 95,772 walipokuja kuwaona wakicheza na Rangers katika Kombe la Uskoti. Baada ya hapo idadi ikateremka mwaka hadi mwaka. Walishuka daraja, wakapanda, wakashuka tena. Walitwaa ubingwa wa daraja la pili mwaka 1956 na kuteremka baada ya miaka michache. Kufikia mwishoni mwa karne, Jumamosi ya kawaida iliwaona mashabiki mia kadhaa wameketi kwenye jukwaa moja la uwanja wa viti 50,000, sauti ya kocha ikisikika hadi upande wa pili. Mgeni aliweza kuona ni jambo la kusikitisha. Mimi naona pana adhama fulani katika wazee wale waliokuja kila wiki, mvua ya Glasgow ikinyesha, kuwaangalia vijana ambao asubuhi walikuwa dukani au chuoni na jioni wangerudi huko huko.

Vijana hao ndio mazao makubwa ya klabu katika karne ya 20. Kwa kuwa mchezaji wa ridhaa hakufungwa na mkataba wa mshahara, klabu nyingine ilimchukua ilipomtaka, mara nyingi bila Queen's Park kupata chochote cha maana. Robert Smyth McColl, aliyeifungia Uskoti mabao matatu dhidi ya Uingereza mwaka 1900, aliondoka kwenda Newcastle United kulipwa, akapita Rangers, kisha akaomba kurudi. Akarudishiwa ridhaa yake, jambo lisilo la kawaida kabisa, na katika mechi yake ya mwisho akafunga mabao sita. Duka la peremende alilofungua na ndugu yake lilizaa maduka mengi yenye jina lake nchini kote. Ronnie Simpson alisimama langoni kwa Queen's Park mwaka 1945 akiwa na miaka 14. Miaka 22 baadaye alikuwa mlinda mlango wa Celtic waliotwaa Kombe la Ulaya. Novemba 1958 mwanagenzi wa kiwandani mwenye miaka 16, Alex Ferguson, alicheza mechi yake ya kwanza ugenini Stranraer. Walifungwa 2 kwa 1, bao la kufutia machozi likawa lake. Yaliyofuata katika maisha ya mtu huyo, msomaji anayajua.

Wa mwisho katika safu hiyo ni Andy Robertson. Celtic walimwacha akiwa na miaka 15 kwa madai ya udogo wa mwili. Msimu wa 2012 na 2013 alicheza beki wa kushoto Queen's Park, katika daraja la nne la Uskoti, bila senti, na mchana akifanya kazi za kupokea simu hapo hapo Hampden. Agosti 2012 aliandika mtandaoni kwamba maisha ya umri wake bila fedha hayana raha na kwamba anahitaji kazi. Alikuwa na miaka 18. Tarehe 1 Juni 2019 alibeba Kombe la Klabu Bingwa Ulaya akiwa na Liverpool, na kwa muda huo alikuwa tayari nahodha wa Uskoti.

Miezi mitano tu baadaye wanachama wa Queen's Park waliitwa kupiga kura. Chama cha mpira cha Uskoti kilikuwa kimekubaliana nao mwaka 2018 kuinunua Hampden kwa pauni milioni 5, na makabidhiano yakakamilika mwaka 2020. Klabu ingehamia uwanja mdogo wa jirani, uliozoea kuitwa Hampden Ndogo. Lakini swali la kura hiyo ndilo lililokuwa zito: wachezaji walipwe? Hali ilikuwa imebadilika kiasi kwamba klabu ilimlea kijana kwa miaka mingi, akaondoka asubuhi moja na klabu ikabaki na picha yake ukutani. Bila mkataba hakuna fidia, na bila fidia hakuna cha kumlelea mdogo wake. Novemba 2019, kwa wingi mkubwa wa kura, wanachama waliikunja bendera ya ridhaa.

Wapo waliolia, na sioni sababu ya kuwacheka. Kitu kilichoshikwa na mababu, baba na wana kwa miaka 152 hakiwekwi chini bila mkono kutetemeka. Lakini naona walipiga kura sahihi. Ridhaa ya mwaka 1867 ilimlinda mchezaji asigeuzwe bidhaa. Ridhaa ya 2019 ilikuwa inamwacha mtoto wa mama asiye na kitu achague kati ya nauli ya mazoezi na chakula cha mchana, na hilo silo walilokusudia wale vijana wa Eglinton Terrace. Nina hakika pia kwamba Fergus Suter, mwashi wa mawe, angepiga kura upande huo huo.

Baada ya hapo klabu ilipanda haraka. Ilitwaa ubingwa wa daraja la nne mwaka 2021, na mwaka 2022 ikapanda hadi daraja la pili. Tarehe 9 Februari 2025 ilikwenda Ibrox kucheza na Rangers katika Kombe la Uskoti, kombe ambalo yenyewe ilikuwa ya kwanza kulibeba. Hakuna aliyetegemea kitu. Mara ya mwisho Queen's Park kuifunga Rangers ilikuwa mwaka 1948. Dakika ya 69 Seb Drozd, aliyeingia kutoka benchi, akafunga. Rangers wakashambulia mpaka muda ukaisha, na katika dakika za nyongeza wakapewa penalti. Nahodha wao, James Tavernier, ambaye penalti ndiyo kazi yake, akauweka mpira. Calum Ferrie akajirusha, akaupangua. Kipenga kikalia, 1 kwa 0, na kwenye pembe moja ya Ibrox kundi dogo la watu wenye skafu nyeusi na nyeupe likaendelea kuruka muda mrefu baada ya viti vingine vyote kuwa vitupu.